Kikombe na Bibi wa Mti: Historia ya Dawa ya Msambuku katika Nchi za Kilutheri

Utangulizi

Katika historia ya Kanisa tumezoea kusoma habari za maungamo, mitaguso na mabishano ya wanazuoni. Ni mara chache tunauliza waumini wa karne zile walikunywa nini walipopatwa na homa. Hata hivyo swali hilo si dogo, kwa maana kando ya kitanda cha mgonjwa ndipo imani ya nyumba hudhihirika. Makala haya yanafuatilia historia ya mti mmoja wa dawa katika Ujerumani na Denmark ya Kilutheri. Yanakusudia kuonyesha kwamba dawa na ibada ya mti zilikaa katika ua mmoja kwa muda mrefu, na kwamba ili kuzitenganisha zilihitajika shukrani na uchunguzi kwa pamoja.

Mti huo Wajerumani huuita Holunder, na watu wa Denmark huuita hyld. Jina lake la kisayansi ni Sambucus nigra. Kwa hiyo hapa tutauita msambuku. Aghalabu hauzidi meta 10, nao hupenda ardhi yenye rutuba karibu na mazizi na nyua za nyumba. Mwanzoni mwa majira ya joto hutoa vishada vya maua meupe. Mwishoni mwa majira hayo hutoa matunda madogo meusi. Maua yalikaushwa, yakatiwa katika maji ya moto, na mgonjwa wa mafua akayanywa na kufunikwa vizuri ili atoke jasho. Matunda yalipikwa hadi maji yake yakawa mazito kama asali, yakawekwa akiba kwa ajili ya baridi kali.

Matengenezo ya Kanisa na mimea

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alimwandikia mchungaji Johann Hess wa Breslau juu ya swali kama Mkristo anaweza kukimbia mauti. Katika barua hiyo aliwakemea wale waliodharau dawa kwa kisingizio cha imani. Kwake, mtu wa namna hiyo hamtumaini Mungu bali anamjaribu. Hoja hii inapatana na Maandiko: Isaya alipopeleka neno la uponyaji kwa Hezekia, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7).

Basi si ajabu kwamba miongoni mwa waasisi wa elimu ya mimea katika Ujerumani walikuwamo wafuasi wa Matengenezo. Hieronymus Bock, aliyetoa kitabu chake cha mimea mwaka 1539, alikuwa mhubiri wa Kilutheri huko Hornbach. Leonhart Fuchs, profesa wa tiba wa Tübingen, alitoa chake mwaka 1542. Kadhalika Anna, binti wa mfalme wa Denmark na mke wa August, mtawala wa Saksonia, alijulikana kwa bustani zake na kwa dawa alizotengeneza kwa mimea hadi kufa kwake mwaka 1585. Kwa watu hao, kuujua mmea ilikuwa njia mojawapo ya kumheshimu Muumba.

Kitabu cha Leipzig

Mwaka 1631 kilichapishwa Leipzig kitabu cha Kilatini kiitwacho Anatomia Sambuci. Mwandishi wake, tabibu Martin Blochwich, alikieleza kiungo kwa kiungo mti huu mmoja tu: maua, matunda, majani, gome na mizizi, pamoja na dawa zilizotokana navyo kwa magonjwa mengi ya mwili. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1655.

Jina la Leipzig si geni kwetu, kwa kuwa Misioni iliyobeba jina la mji huo ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Lakini yatupasa kukumbuka hali ya Saksonia ya mwaka 1631. Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vikiendelea, na Septemba ya mwaka huo majeshi yalipigana Breitenfeld, karibu na Leipzig. Katika nchi iliyochoshwa na vita na magonjwa, mti unaoota bure nyuma ya zizi ulikuwa duka la dawa la maskini.

Udhaifu wa kitabu hicho uko palepale penye sifa yake. Dawa inayotajwa kuponya karibu kila ugonjwa ni vigumu kuipima, kwa maana mgonjwa akipona husifiwa dawa, na asipopona hutafutwa sababu nyingine.

Bibi wa mti

Wakati wasomi wakiuchambua msambuku kwa Kilatini, wanakijiji waliusogelea kwa hofu. Katika Denmark na kaskazini mwa Ujerumani iliaminika kwamba ndani yake anakaa bibi, na ya kuwa aukataye bila ruhusa hupatwa na mabaya. Shahidi wetu ni mtumishi wa Kanisa. Trogillus Arnkiel, mchungaji wa Kilutheri huko Schleswig aliyeandika mwishoni mwa karne ya 17, alieleza kwamba katika ujana wake aliwaona watu wakiusemesha mti huo kabla ya kuukata, wakiwa wamepiga magoti nusu, vichwa wazi, na mikono wameikunjamanisha.

Ushuhuda huu ni mzito. Zaidi ya miaka 100 baada ya Matengenezo, watu waliobatizwa na kufundishwa Katekisimu waliusujudia mti kwa namna ileile waliyomwomba Mungu kanisani. Ibada ya kale haikuwa imetoweka. Ilikuwa imejificha mahali palepale ilipotoka dawa.

Mwaka 1844 mwandishi wa Denmark, Hans Christian Andersen, alitoa hadithi ya mtoto aliyelowa miguu akashikwa na mafua. Mama yake anampikia chai ya msambuku, na kutoka katika birika anachomoza bibi wa mti. Bibi huyo hadai kusujudiwa. Anasema kwamba jina lake halisi ni Kumbukumbu. Hofu iliyowapigisha watu magoti sasa imekuwa simulizi ya kumliwaza mtoto mgonjwa. Kikombe kimebaki.

Uchunguzi wa siku zetu

Lakini je, kuondoka kwa hofu kunatosha? Majani, gome na matunda mabichi ya msambuku yana kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi mwilini. Kupika vizuri hupunguza hatari hiyo. Agosti 1983, huko California, watu 25 walikusanyika katika mkutano wa kikundi cha kidini. Walinywa maji ya matunda mabichi ya ndugu wa Kimarekani wa mti huu, yaliyokamuliwa pamoja na majani na matawi. Watu 11 waliugua, na 8 kati yao wakasafirishwa kwa helikopta hadi hospitalini. Kwa rehema za Mungu wote walipona.

Kuhusu nguvu ya dawa, utafiti uliofanyika Norway kwa wagonjwa 60 wa homa ya mafua, na kuchapishwa mwaka 2004, uliona kwamba waliotumia sharubati ya matunda haya walipata nafuu siku 4 mapema. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, kwa wagonjwa 87, haukuona faida hiyo. Basi mti uliosifiwa kuponya karibu kila kitu bado haujathibitishwa hata kwa mafua.

Hitimisho

Mchungaji wa leo hana budi kuyapima haya. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa letu aliyetoa kikombe cha dawa ya mti, na wako wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa ajili hiyo. Wengi wetu tuliulizwa na washarika la kufanya, na majibu yetu hayakufanana.

Historia ya msambuku inatupa maswali mawili ya kuuliza kando ya kitanda. La kwanza: ni nani anayeombwa hapa, Muumba au mti? La pili: ni nani aliyeipima dawa hii, na kwa ugonjwa gani? Anayeuliza la kwanza tu aweza kubariki sumu kwa jina la Bwana. Anayeuliza la pili tu aweza kumwachia mgonjwa hofu yake bila neno la faraja. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike kushukuru kwa kila jambo, na mistari michache baadaye akawaagiza kuyajaribu mambo yote (1 Thes. 5:18, 21). Maagizo hayo mawili ni kazi moja ya mchungaji.