Mpangaji wa Mchana: Usiku wa Minato, Tokyo, kwa Miguu

Anayetaka kuijua Minato usiku aanzie Shimbashi, tena aanze mapema, jua likizama, na avae viatu visivyombana. Minato ni moja ya wilaya 23 za Tokyo. Iliundwa Machi 1947 kwa kuunganisha wilaya tatu kongwe, Shiba, Azabu na Akasaka, na leo ukimtajia Mjapani jina hilo anachofikiria ni pesa: balozi, makao makuu ya makampuni, vituo vya televisheni, maghorofa ambayo wakazi wake hawajui bei ya nyanya. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 20 tu. Mtu anaweza kulikata kati ya chakula cha jioni na treni ya mwisho.

Na hiyo treni ya mwisho si jambo dogo. Treni za Tokyo hulala. Baada ya saa sita usiku huanza kusimama moja baada ya nyingine, na hazirejei hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo kila mnywaji hufika mahali pa kuamua: aondoke sasa, au akeshe hadi kupambazuke. Mwenye nauli ya teksi tu ndiye asiyelazimika kuchagua. Mitaa ya Minato inatofautiana sana katika kulijibu swali hilo, na kila jibu lina historia yake katika ardhi. Mtaa wa starehe haujizai wenyewe. Uliza kwanza mchana ardhi ile ilikuwa mikononi mwa nani, ndipo utajua nani alikuja kunywa pale usiku.

Shimbashi ilikuwa ya reli. Oktoba 1872 njia ya kwanza ya reli nchini Japani ilifunguliwa kati ya Shimbashi na Yokohama, na kwa miaka 42 hapo ndipo palipokuwa mlango wa mji mkuu, mpaka kituo cha Tokyo kilipofunguliwa mwaka 1914. Wakubwa wa serikali mpya ya Meiji walikutana katika nyumba za geisha za jirani, wakihudumiwa na wanawake waliofunzwa kwa miaka mingi kupiga ala, kucheza na kuendesha maongezi. Lakini Shimbashi anayoiona mtembeaji wa leo ilizaliwa na njaa. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, uwanja wa mbele ya kituo uligeuka soko la magendo: mchele, sabuni, buti za jeshi, na pombe ambayo hakuna aliyeuliza imepikwa na nini. Soko lilikuwa chini ya genge la Matsuda Giichi. Mwaka 1946 alipigwa risasi akafa, na mjane wake akashika hatamu.

Vibanda vile vilidumu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1971 mahali pale pakafunguliwa jengo la New Shimbashi, na humo wachuuzi wa zamani wakapewa vyumba. Ndiyo maana hadi leo ndani yake kuna vijiduka na vibaa vilivyobanana kama gengeni. Nje kuna kichwa cha treni ya mvuke kilichowekwa mwaka 1972 kuadhimisha miaka 100 ya reli, na hapo ndipo waandishi wa televisheni huja kuwauliza wafanyakazi wa ofisini, bia ikiwa imekwisha kuwalegeza ndimi, wanaionaje bajeti ya serikali. Chini ya matao ya reli panachomwa mishikaki ya kuku, maini na firigisi, watu wakinywa wamesimama. Shimbashi hulijibu swali la treni kwa utii: saa sita ikikaribia, hesabu imelipwa na watu wanatimua mbio kuelekea kituoni. Kwa kipimo cha Minato huu ni mtaa wa hadhi ndogo. Mimi ndio ninaoupenda zaidi.

Kutoka hapo, kupitia Toranomon, ni kama nusu saa kwenda Akasaka. Sauti inabadilika kabla ya taa kubadilika. Barabara zinakuwa kimya, magari meusi yamesimama na dereva yumo ndani. Juu kidogo ya mtaa huu lipo jengo la Bunge, lililokamilika mwaka 1936, na Akasaka iliishi kwa ujirani huo. Katika nyumba zake za chakula, zenye kuta za mbao na bustani ndogo, wanasiasa walipanga baraza la mawaziri kabla Bunge halijakutana. Mgeni asiyeletwa na mwenyeji hakupokelewa. Hayo yalipungua baadaye, si kwa sababu wanasiasa waliacha kula, bali kwa sababu uchumi uliporomoka, kisha kashfa za maofisa wa Wizara ya Fedha waliokirimiwa na mabenki zikazaa sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 1999. Mlipaji alipoogopa, mpishi naye akafunga.

Akasaka ilikuwa na mpangaji mwingine, mkali zaidi: jeshi. Pale ambapo leo kinasimama kituo cha televisheni cha TBS palikuwa na kambi ya kikosi cha tatu cha walinzi wa mfalme. Alfajiri ya tarehe 26 Februari 1936, theluji ikiwa imetanda, katika uasi wa kijeshi, askari wa kambi hiyo walikwenda nyumbani kwa Waziri wa Fedha, Takahashi Korekiyo, hapo hapo Akasaka, wakamuua chumbani kwake. Alikuwa mzee wa miaka 81, na kosa lake lilikuwa kupunguza fedha za jeshi. Kiwanja cha nyumba yake sasa ni bustani ya umma. Baada ya vita televisheni ikachukua ardhi ya kambi, na pamoja nayo wakaja waimbaji, waigizaji, watangazaji na wauzaji wa matangazo, watu wanaomaliza kazi usiku wa manane wakiwa na njaa na hela. Klabu kubwa zikafuata. Katika mojawapo, New Latin Quarter, tarehe 8 Desemba 1963, Rikidozan alichomwa kisu na mtu wa genge. Alikuwa mwanamieleka aliyependwa kuliko wote Japani, mzaliwa wa Korea ambaye mashabiki wengi hawakujua asili yake. Alikufa wiki moja baadaye. Mwaka 1968 ikafunguliwa Mugen, disko ya taa za rangi na muziki wa soul, na vijana wa mitindo wakahamia huko.

Panda mlima kuelekea kusini, dakika kumi na tano hivi, ufike Roppongi. Hapa inafaa kusimama muda mrefu, maana hakuna mtaa wa Tokyo uliosemwa vibaya na kuigwa kwa wingi kama huu.

Kabla ya vita Roppongi ilikuwa kambi tupu. Vikosi viwili vya askari wa miguu, cha kwanza na cha tatu, vilikaa pande mbili za njia panda, na ndivyo vilivyotoa sehemu kubwa ya waasi zaidi ya 1,400 wa ile alfajiri ya 1936. Usiku, mtaa uliwauzia askari wanaopewa ruhusa. Mwaka 1945 Wamarekani wakaja, wakaingia katika kambi zile zile. Mteja akabadilika, mahitaji yakabaki: nyama, pombe, muziki, mahali pa kumsahau mkubwa wa zamu. Mmoja wa waliosoma soko hilo mapema alikuwa Nicola Zappetti, mwana wa New York aliyekuja na jeshi la Marekani akakataa kurudi. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa ametoka jela kwa kosa la wizi wa almasi, alifungua Roppongi mgahawa wa pizza, chakula ambacho Wajapani wengi walikuwa hawajakiona. Wanajeshi wakaleta njaa, Wajapani wakaleta udadisi.

Mwaka 1960, chini kidogo kuelekea Iikura, Kawazoe Hiroshi na mkewe Kajiko walifungua Chianti, mgahawa wa Kiitaliano uliokaa wazi hadi usiku wa manane. Mwandishi Mishima Yukio alikula pale. Mwimbaji Matsutoya Yumi alianza kwenda angali msichana wa shule, akisikiliza meza za jirani. Nadhani pale ndipo Roppongi ilipoacha kuwa mtaa wa askari, kwa sababu wateja wa Chianti hawakuja kulewa. Walikuja kuonana. Kisha mwaka 1964, mwaka wa Olimpiki, treni ya chini ya ardhi ikafika, na mtaa ukafunguka kwa yeyote mwenye nauli.

Kufikia miaka ya 1970 na 1980 disko zilikuwa zimepandana ghorofa juu ya ghorofa, na jengo la Square likawa karibu lote ni disko. Roppongi ililijibu swali la treni kwa kiburi: acha iende. Ukikosa ya mwisho unasubiri ya kwanza. Wakati thamani ya ardhi na hisa ilipopaa, watu walisimama barabarani usiku wakipunga noti za yen 10,000 ili teksi isimame. Soko la hisa lilifika kileleni siku ya mwisho ya biashara ya mwaka 1989. Teksi zikaanza kupatikana tena.

Haya yote yalifanyika chini ya sheria ambayo wachezaji wengi hawakuijua. Mwaka 1948 Japani ilitunga sheria ya biashara zinazogusa maadili ya umma, ikaweka dansi humo, kwa kuwa kumbi za dansi za wakati ule zilihusishwa na ukahaba. Marekebisho ya mwaka 1984 yalibana zaidi: dansi ikome saa sita usiku, na katika maeneo fulani saa saba. Kwa miaka mingi polisi walifumba macho. Halafu mwaka 2010 mwanafunzi mmoja akafa baada ya ugomvi klabuni Osaka, msako ukaanza, ukafika Tokyo. Katika baadhi ya baa za Roppongi kukabandikwa matangazo ya kukataza kucheza. Fikiria: muziki unapiga, mteja amelipa, na mlinzi anamwendea aliyetikisa mabega. Wanamuziki, akiwemo Sakamoto Ryuichi, wakaunga mkono kampeni iliyokusanya saini zaidi ya 150,000. Sheria ikarekebishwa mwaka 2015 na kuanza kutumika Juni 2016. Sasa inaruhusiwa kucheza hadi alfajiri, ila mwanga wa ukumbi uzidi kipimo cha luksi 10, ambacho ni kama mwanga wa ukumbi wa sinema kabla filamu haijaanza. Kwa nini 10, hiyo ni hesabu ya warasimu.

Lakini wakati polisi wanapima mwanga, mpangaji mpya alikuwa amekwisha ingia. Kampuni ya Mori ilitumia miaka 17 kuwashawishi wenye ardhi wapatao 400, na mwaka 2003 ikafungua Roppongi Hills, mnara wa ghorofa 54 wenye jumba la sanaa juu kabisa. Kambi ya kikosi cha kwanza, iliyokwisha kuwa makao ya Idara ya Ulinzi, ikageuzwa Tokyo Midtown mwaka 2007. Mwaka huo huo, ilipokuwa kambi ya kikosi cha tatu, likafunguliwa Jumba la Taifa la Sanaa. Kipande kimoja tu hakijabadilika: jeshi la Marekani bado lina uwanja wake wa helikopta katikati ya mtaa huu ghali. Jumba la sanaa la Mori hufungwa saa nne usiku siku nyingi za wiki, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo starehe bora ya Roppongi siku hizi. Huko chini barabarani wapigadebe wa baa wanakushika mkono na kukuahidi bei ambayo hutaiona kwenye risiti. Usiwafuate.

Teremka kusini, barabara inapungua, unaingia Azabu-Juban. Mtaa huu ulikuwa kisiwa cha nchi kavu. Tramu zilipoondolewa haukuwa na treni hadi mwaka 2000, zilipofika njia mbili ndani ya miezi mitatu. Ndiyo sababu ulibaki na duka lake la maandazi ya maharage lililoanza mwaka 1909, mabafu ya umma, na wazee wanaojuana. Hata hivyo, mwaka 1984, kutokuwa na treni kuligeuzwa sifa: Maharaja, disko yenye walinzi wa suti nyeusi walioamua nani aingie kwa kutazama mavazi, ilifunguliwa hapa hapa. Asiye na gari au teksi alikwisha chujwa kabla ya kufika mlangoni. Ilifungwa mwaka 1997. Leo Azabu-Juban ni mtaa wa baa ndogo za viti vinane, na hufurika Agosti tu, wakati wa tamasha lake la kiangazi.

Mwisho ni Shibaura, nusu saa mashariki, ardhi iliyofukiwa baharini. Hapa mpangaji alikuwa bandari. Meli za makontena zilipohamia magati mapya, maghala yakawa rahisi kukodi, na mwaka 1989 klabu ya Gold ikaingia katika mojawapo. Mei 1991 ikafuata Juliana's Tokyo, ambako wasichana wa maofisini waliovaa magauni ya kubana walicheza juu ya majukwaa wakipepea vipepeo vya manyoya. Picha zake hutumiwa kila mara kuonyesha enzi ya utajiri wa Japani, na ni kosa: bei za hisa zilikuwa zimeanguka tangu mwaka uliotangulia. Wale wasichana walicheza katika mdororo. Ilifungwa Agosti 1994.

Jirani na hapo kuna jengo la mbao la mwaka 1936, lililokuwa ofisi ya geisha wa Shibaura, mahali walipopangiwa kazi na kufanyia mazoezi. Baada ya vita lilitumika kama malazi ya wafanyakazi wa bandari, na pengine hilo ndilo lililoliokoa, maana hakuna aliyeona faida ya kulibomoa. Ni ofisi pekee ya aina hiyo iliyojengwa kwa mbao inayosimama hadi leo Tokyo nzima. Wilaya ililikarabati na kulifungua mwaka 2020 kama nyumba ya utamaduni. Liko mwendo wa dakika chache kutoka kituo cha Tamachi, na kuingia ni bure.