Pembe za Shamba na Kaunta ya Duka

Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka ukingoni. Pembe za shamba ziliachwa kwa ajili ya maskini na mgeni, na masuke yaliyoanguka hayakuokotwa na wavunaji. Tumezoea kuihubiri sheria hii kama agizo la ukarimu, na ni kweli, lakini ndani yake mna jambo jingine. Mwenye njaa aliingia shambani mwenyewe, akainama mwenyewe, akarudi nyumbani na nafaka aliyoikusanya kwa mikono yake. Ruthu, mjane na mgeni kutoka Moabu, hakupimiwa kibaba mlangoni kwa mtu.

Kwa hiyo Torati haikuuliza tu tumpe maskini kiasi gani. Iliuliza pia tumpe kwa namna gani. Swali hilo la pili limeisumbua Marekani kwa zaidi ya miaka 80, na majibu yake yameonekana mahali pa kawaida kabisa: kwenye kaunta ya duka la vyakula.

Mwanzo haukuwa wa huruma peke yake. Katika miaka ya 1930 wakulima walikuwa na mazao yasiyo na wanunuzi, huku watu wa mijini hawana kazi wala chakula. Tarehe 16 Mei 1939, mjini Rochester katika jimbo la New York, zilianza kutumika stempu za chakula za rangi mbili. Aliyenunua stempu za dola moja za rangi ya machungwa alipewa bure stempu za buluu za senti 50. Za machungwa zilinunua chakula chochote. Za buluu zilinunua tu vile vyakula ambavyo Wizara ya Kilimo ilitangaza kwamba vimezidi sokoni. Maskini alisaidiwa, na papo hapo akatumika kumwondolea mkulima ziada yake. Mpango ulilisha watu wengi, nami sitaki kuudharau. Ulifungwa mwaka 1943, vita ilipokwisha kuleta ajira na kumaliza ziada.

Rais Kennedy aliufufua kwa majaribio. Tarehe 29 Mei 1961, huko West Virginia, mchimba makaa asiye na kazi, Alderson Muncy, na mkewe walinunua stempu za dola 95 kwa ajili ya nyumba yenye watu 15. Kitu cha kwanza walichochukua dukani kilikuwa kopo la maharage na nyama ya nguruwe. Tuliangalie lile neno “walinunua”. Hata baada ya Rais Johnson kutia saini sheria ya mwaka 1964 iliyoupa mpango huo msingi wa kudumu, familia ililazimika kutoa kwanza fedha yake ndipo iongezewe thamani ya stempu. Aliyekuwa na kidogo alipata zaidi, na asiye na senti siku hiyo alirudi mikono mitupu. Ilichukua mpaka sheria ya mwaka 1977 kuliondoa sharti hilo.

Aibu ya kaunta ilibaki. Stempu zilikuja katika vijitabu, na mama alizichana mbele ya keshia huku waliomfuata kwenye foleni wakimtazama yeye na vitu alivyochagua. Kila mtu dukani alijua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini humkagua vizuri sana. Tena karatasi zile ziliuzwa kwa magendo: walikuwapo wenye maduka waliozinunua kwa fedha taslimu chini ya thamani yake, kisha wakadai serikalini thamani kamili.

Jaribio la kadi ya kielektroniki lilifanyika Reading, Pennsylvania, mwaka 1984. Maryland ikawa ya kwanza kuieneza jimbo zima, mwaka 1993. Sheria ya mwaka 1996 ikayaagiza majimbo yote kuacha karatasi ifikapo 2002, na kufikia 2004 yote yalikuwa yametimiza. Msaada huingizwa kwenye kadi mara moja kwa mwezi. Mnunuzi huipitisha kwenye mashine, hubonyeza namba ya siri ya tarakimu nne, na salio huchapwa kwenye risiti. Sabuni, nepi, pombe na kuku wa moto aliyekwisha kuokwa havilipiwi na kadi hiyo. Lakini anayesimama nyuma kwenye foleni huona tu mtu mwenye kadi, kama yeye.

Sababu kubwa za mageuzi haya zilikuwa gharama za kuchapa, kuhesabu na kuharibu karatasi, pamoja na wizi. Staha ya maskini ilitajwa, ila sidhani kama peke yake ingetosha kuwashawishi wabunge. Ililetwa na wahasibu. Nasi wa kanisani, ambao mara ngapi tumewapanga wajane mstari kwa ajili ya kilo mbili za unga na picha ya pamoja na mfadhili, hatuna budi kuitafakari habari hiyo.

Kadi nayo ina upungufu wake. Wakati kadi za benki zilipowekewa chipu, nyingi za hizi za chakula zilibaki na utepe wa sumaku, na wezi hunakili namba zake kwa vifaa wanavyovificha kwenye mashine za maduka. Fedha za serikali kuu ziliruhusiwa kufidia chakula kilichoibwa hivyo mpaka tarehe 20 Desemba 2024. Ruhusa hiyo ikaisha.

Ndugu zetu wengi kutoka Kongo, waliokaa miaka katika kambi za Nyarugusu na Kakuma kabla ya kupelekwa Marekani, wanaijua kadi hii. Ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo walivyopewa huko. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi katika msaada huo mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Mkimbizi huruhusiwa kuuomba ukaazi huo baada ya kuishi nchini mwaka mmoja. Ni mwaka huo wa kwanza, ambao mgeni bado hajui lugha wala basi la kumfikisha kazini, ndio uliofungiwa kadi.