Shaba, Fahari na Kujikosoa: Funzo la Historia ya Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa humo. Mkazi wa Makomeno, au wa mtaa mwingine wowote wa mji huo, hawezi kusimulia habari za nchi yake bila kuitaja shaba. Kwa hiyo historia ya kampuni ya madini yafaa kutumiwa katika kuchunguza suala gumu: je, watu wanaweza kujivunia taifa lao na papo hapo kulikosoa kwa haki?

Fahari yenyewe ilikuwa na msingi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa mali ya wageni. Mwezi Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi mjini humo, na makumi wakauawa. Serikali ilipoitaifisha kampuni mwezi Januari 1967, na kuunda ile iliyokuja kuitwa Gécamines, wananchi walikuwa na sababu ya kushangilia. Mnamo mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 470,000 za shaba. Shule na hospitali zake zilihudumia maelfu ya familia.

Hata hivyo, lugha ya wafanyakazi inafichua jambo ambalo tarakimu hazilionyeshi. Waliiita kampuni baba na mama. Desturi hiyo ilitokana na enzi ya ukoloni, wakati mwajiri alipotoa nyumba na poso, akasomesha watoto, na pia akachunguza mwenendo wa kila mtu kambini. Baada ya mwaka 1967 mali ilihesabiwa kuwa ya taifa, lakini kampuni iliendelea kuitwa baba. Na baba haulizwi hesabu na watoto wake. Sehemu kubwa ya fedha za mauzo ya shaba ilipotea mikononi mwa watawala, huku mitambo ikichakaa. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 shaba iliyotolewa haikufikia tani 50,000.

Maelezo ya anguko hilo yalikuwa ya namna tatu. Wengine waliwalaumu wageni. Lawama hiyo ina ukweli, kwani hata baada ya kutaifisha, usimamizi wa kiufundi na mauzo yalibaki kwanza mikononi mwa Wabelgiji, na bei ya shaba ilishuka vibaya katikati ya miaka ya 1970. Wengine waliwalaumu jirani zao: mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao wazazi wao waliletwa na kampuni yenyewe, walifukuzwa Katanga kwa maelfu, na wengi wakafa. Huko hakukuwa kujikosoa. Kulikuwa kumtwika mwingine mzigo. Namna ya tatu ilijaribiwa katika Kongamano Kuu la Taifa la mwaka 1991 na 1992, lililounda tume za kuchunguza mauaji na mali zilizopatikana kwa dhuluma. Lakini taarifa za tume hizo mbili hazikujadiliwa hadharani.

Nchi nyingine nazo zimepitia jaribio hilo. Mwaka 1977 Nyerere alikiri kwa maandishi kwamba Tanzania, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa bado haijawa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Mwezi Juni 1981 chama tawala cha China kilitamka kwamba Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa kosa kubwa, na kwamba hata hivyo mema ya Mao yaliyazidi mabaya yake. Ungamo hilo lilikuwa zito, lakini chama kilikuwa mshtakiwa na hakimu pamoja, na hukumu yake ikawa mpaka wa mjadala.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaeleza wafanyakazi hao kuwa wana walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye zaidi ya 10,000 kati yao waliondolewa kazini. Malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini yatima hudai huruma tu, ilhali mwenye mali hudai hesabu, pamoja na hesabu ya ukimya wake mwenyewe. Fahari ya shaba itakuwa ya kweli pale wananchi watakapoitazama kama wenye mali.