Vibanda vya Mlima Kenya vina majina. Hebu tuyasome

Wasee wa kupanda milima, tuongee kidogo. Kila msimu mitandao inajaa picha za Point Lenana: jaketi nyekundu, bendera, jua likichomoza. Poa sana. Lakini picha hizo huruka mahali ambapo historia ya mlima imeandikwa waziwazi: vibanda. Sio vibanda vya chapo na ndengu. Nasema Shipton's, Mackinder's, Austrian Hut.

Jua likiwaka, kibanda ni pa kutupa begi na kunywa chai. Lakini ngoja ukungu ushuke mchana, mvua ya mawe igeuke theluji, usimwone hata mwenye yuko hatua tano mbele yako, na uko mita 4,200 juu ya bahari. Hapo kibanda si starehe tena. Ni uhai. Kwa hivyo swali langu ni rahisi: hivi vitu vinavyotuokoa, vimepewa majina ya nani?

Tuanze 1899. Halford Mackinder, Mwingereza msomi wa jiografia, alitoka Nairobi mwezi wa Julai. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Piga hesabu: watu 170, na 164 kati yao ni Waafrika. Chakula kiliwaishia, na wawili kati ya waliotumwa kukitafuta waliuawa. Tarehe 13 Septemba, Mackinder akafika kilele cha Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, wataalamu wa milima ya Alps. Vitabu vikaandika majina matatu. Leo kambi ya njia ya Naro Moru inaitwa Mackinder's. Yule aliyebeba unga hadi huko juu anaitwa nani? Kimya.

Njia ya Sirimon nayo inakufikisha Shipton's. Eric Shipton alikuja Kenya kulima kahawa. Januari 1929, akiwa na miaka 21 tu, yeye na Wyn Harris wakawa wa kwanza kusimama kilele cha Nelion, kisha wakavuka hadi Batian. Kijana wa miaka 21! Simwonei wivu, kazi aliifanya. Nasema tu jina lake lilipata paa na vitanda.

Sasa kuna wale waliopanda bila kibanda chochote. Januari 1943, Waitaliano watatu waliofungwa na Waingereza kambini Nanyuki walitoroka. Si kurudi kwao, wapande mlima! Walikuwa Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Vifaa vyao walivitengeneza kisirisiri kambini, na picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama ikawasaidia kusoma njia. Batian iliwashinda, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Wawili kati yao wakafika Lenana, wakaacha bendera ya Italia, halafu wote wakarudi wenyewe gerezani wakiwa hoi kwa njaa. Siku 18 jumla. Huo ndio mlima bila paa: unaweza kuwa jasiri vile unataka, hali ya hewa ndiyo inasema basi.

Hiyo Austrian Hut nayo, mita 4,790, mahali wengi hujikunja usiku kabla ya kupanda Lenana, jina lake limetoka kwa ajali. Septemba 1970, daktari kijana kutoka Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian, mguu ukavunjika vibaya. Mwenzake Oswald Oelz akamshughulikia. Waokoaji wa hapa Kenya walipanda, hali ya hewa ikiwapiga. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka kwenye jaribio la kuokoa. Mwishowe waokoaji wakaletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, na Judmaier akashushwa akiwa hai baada ya zaidi ya wiki moja. Kibanda kikajengwa kama shukrani. Ni jambo zuri. Lakini ona vile kumbukumbu hufanya kazi: aliyeokolewa ana nchi ya kumjengea paa. Waliobeba mizigo 1899 hawakuwa na wa kuwajengea.

Na sisi je? Kisoi Munyao, Mkamba, alifika Batian 1959, Mkenya Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Disemba 1963, nchi ikipata uhuru, ndiye alipandisha bendera yetu juu ya Mlima Kenya. Disemba, msimu ambao mvua za vuli huwa bado zinasumbua! Aliaga dunia 2007. Uliza watu kumi kwenye kundi lako la kupanda mlima kama wanamjua. Wengi watakuambia Mackinder kwanza, kwa sababu wamelala kwake.

Msiniambie eti jina ni jina tu. Jina ndilo linalotajwa usiku wa baridi, ndilo linaandikwa kwenye ratiba, ndilo mtoto atasoma kwenye ramani. Maoni yangu: kibanda kipya kikijengwa, kiitwe Kisoi. Na kingine kiitwe Wapagazi, hivyo hivyo, kwa wingi.

Lakini hiyo ni ya serikali na wenye vibanda, inaweza kuchukua miaka. Hii ingine ni yetu, na ni ya wikendi hii. Ukipanda, kuna mtu atabeba sufuria, mtungi wa gesi na begi lako kwenye mvua, afike kambini kabla yako, akupikie supu huku nguo zake hazijakauka. Kabla ya safari, uliza kampuni unayolipa: huyu ana koti la mvua? Ana viatu? Atalala wapi theluji ikianguka? Jibu likiwa la kukwepa, peleka pesa zako kwingine.

Na ukifika Lenana, ukiposti ile picha, andika jina lake kwenye maelezo, akikubali. Majina mawili, kama vile tunaandika Eric Shipton.