Pande, msitu wenye sifa mbaya

Mtajie mkazi wa siku nyingi wa Kinondoni jina la Pande, hatakusimulia habari za komba. Atakusimulia habari za maiti.

Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha, walikamatwa na polisi jijini. Taarifa ya kwanza ilisema ni majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, ikabainika hawakuwa majambazi na kwamba waliuawa msituni Pande. Kesi iliyofuata ilijaza magazeti kwa miaka. Kabla haijasahaulika, Juni 2012 kiongozi wa mgomo wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akapigwa vibaya na kutupwa Mabwepande, eneo la msitu huo huo. Baada ya hapo, nani angempeleka mwanawe Pande kuangalia ndege?

Lakini msitu haukuua mtu. Pande ni pori la akiba lililomo ndani ya Dar es Salaam yenyewe, kati ya Barabara ya Bagamoyo na ile ya Morogoro, katika eneo lililokuwa Kinondoni tupu kabla Ubungo haijawa wilaya. Ni dogo mno: kama kilomita za mraba 12. Serengeti ingelimeza mara elfu na ushee.

Zamani lilikuwa msitu wa hifadhi wa kawaida. Mwaka 1990 likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba, ingawa halikuwa na makundi ya tembo wala nyati ya kulindiwa. Kilichohitaji ulinzi ni miti. Mji ulikuwa unatanuka, na mji unaotanuka unataka mkaa, fito na mbao. Pori la akiba haliingiwi bila kibali, kwa hiyo hadhi hiyo ilikuwa kufuli. Kufuli hilo lilisaidia, maana vichaka vingi vya jirani vimekwisha kuwa viwanja. Mabwepande yenyewe ilipokea waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011, waliohamishwa kutoka Jangwani na mabonde mengine ya Msimbazi.

Ila mahali pasipoingiwa na wageni mchana pana wenyewe usiku. Naamini kufungwa huko ndiko kulikoipa Pande jina lake baya, kuliko giza la miti.

Mwenyeji halisi wa humo ni komba wa Rondo, aliyepewa jina la nyanda za Rondo mkoani Lindi. Duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, katika vipande vichache vya misitu ya pwani, Pande na Pugu vikiwamo. Ana uzito wa gramu 60 hivi, karibu sawa na yai la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Mchana hulala. Giza likiingia hurukaruka kwenye vijiti vya chini, akishika shina kwa mikono na miguu, kisha hujirusha hadi kwenye majani makavu kunyakua mdudu na kurudi juu. Wataalamu wamewahi kumweka kwenye orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi duniani.

Watoto wengi wa Temeke na Kinondoni simba wao wa kwanza wanamwonea kwenye maonesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kwenye banda la Maliasili, wakiwa wamebebwa mabegani katikati ya msongamano. Si vibaya. Lakini simba yupo Mikumi, yupo Manyara, na ukivuka mpaka yupo Kenya. Komba huyu hayupo huko kote. TAWA, mamlaka inayosimamia Pande sasa, inawakaribisha wakazi wa jiji kutembelea pori hilo, na matembezi ya jioni yenye askari, mwongozaji na tochi ya mwanga mwekundu, usiomsumbua mnyama, yangekuwa safari ya kitalii ambayo nauli yake ni ya daladala na bodaboda.