Watu 62 Walilazwa Sakafuni: Kesi ya Atlanta Eagle

Leo tunaandika juu ya kesi moja ya Marekani ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia. Ilianza na msako wa polisi kwenye baa ya mashoga, ikafika mpaka kikosi kizima cha polisi kikavunjwa. Tunaomba usome mpaka chini kwanza, kubishana baadaye.

Tuanze na usiku wenyewe. Tarehe 10 Septemba 2009, siku ya Alhamisi, polisi wa jiji la Atlanta, jimbo la Georgia, waliingia kwenye baa inayoitwa Atlanta Eagle, barabara ya Ponce de Leon. Ilikuwa baa ya wanaume wanaopenda wanaume, na usiku ule kulikuwa na vijana wanaocheza wakiwa wamevaa chupi tu. Polisi walisema wamepata fununu, kutoka kwa watu wasiojitaja majina, kwamba ndani kuna ngono mbele za watu na dawa za kulevya. Baadhi ya askari walitangulia kuingia wakiwa na nguo za kiraia, wakakaa kama wateja. Halafu wenzao wakaingia kwa kishindo, wakiwemo askari wa kikosi maalum kilichoitwa RED DOG.

Wateja 62 wakaamriwa walale kifudifudi. Wakapekuliwa mifuko, vitambulisho vikachukuliwa na kuangaliwa kwenye kompyuta kama kuna mwenye kesi. Baadaye wateja walieleza kwamba wengine walilazwa kwenye bia iliyomwagika na vipande vya chupa, na kwamba walitukanwa kwa sababu ya mapenzi yao. Mwisho wa yote, dawa za kulevya hazikupatikana. Hakuna mteja hata mmoja aliyeshtakiwa. Waliobebwa ni wafanyakazi na wachezaji 8, na kosa lenyewe eti ni burudani ya watu wazima bila leseni. Yaani kucheza na chupi.

Hapa tunarudi nyuma kidogo, maana jiji hilo lina historia. Mwaka 1982, Atlanta hiyohiyo, askari aliingia nyumbani kwa kijana mmoja, Michael Hardwick, akamkuta chumbani na mwanaume mwenzake, akamkamata. Askari alikuwa amefuata jambo dogo tu la kunywa pombe hadharani. Hardwick akaishtaki sheria ya Georgia mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1986 akashindwa, majaji 5 kwa 4. Mwaka 1998 mahakama ya juu ya Georgia yenyewe ikaifuta sheria ile, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ikafuta sheria za aina hiyo nchi nzima kupitia kesi ya Texas. Kwa hiyo mwaka 2009 polisi hawakuweza tena kusema kuwa shoga ni kosa. Ikabidi watafute kosa lingine, na leseni ikawa karibu.

Sasa tuingie mahakamani. Kulikuwa na njia mbili.

Njia ya kwanza ni kesi ya wale 8, kwenye mahakama ya jiji. Mwezi Machi 2010 ikaisha, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Ni vizuri, lakini ukifikiria, kushinda namna hiyo kunakurudisha tu pale ulipokuwa kabla ya kukamatwa. Usiku wa mahabusu hakuna anayekurudishia.

Njia ya pili ndiyo iliyobadilisha mambo. Novemba 2009 kundi la wateja lilishtaki jiji na polisi kwenye mahakama ya shirikisho. Walisimamiwa na mashirika mawili, Lambda Legal na Southern Center for Human Rights, pamoja na wakili Dan Grossman. Walisimama juu ya Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyopo tangu 1791, yanayokataza watu kukamatwa na kupekuliwa bila sababu ya msingi.

Tafadhali soma hapa polepole. Wale mawakili hawakuomba mahakama iseme kama baa ile ni nzuri au mbaya. Waliuliza swali moja tu: huyu mtu uliyemlaza chini, yeye mwenyewe, ulikuwa unamshuku kwa kosa gani? Siyo jirani yake, siyo baa. Yeye. Ili kumshika mtu na kumpekua, askari lazima awe na sababu inayomhusu mtu huyo. Kuwa ndani ya nyumba ambayo polisi wanaishuku haitoshi. Kwa watu 62 waliokuwa sakafuni, jiji halikuwa na jibu.

Desemba 2010 jiji likakubali kulipa dola 1,025,000. Zaidi ya pesa, kulikuwa na amri ya mahakama: polisi wabadilishe kanuni zao za kushika na kupekua watu, askari wavae majina yanayoonekana, wajitambulishe wakiulizwa, wasizuie raia anayewapiga picha wakiwa kazini, na wafundishwe sheria hizo. Februari 2011 mkuu wa polisi akatangaza kwamba RED DOG inavunjwa. Katikati ya 2011 ikatoka ripoti ya uchunguzi uliofanywa na mawakili kwa niaba ya jiji, kurasa zaidi ya 300. Kumbe baadhi ya askari walikuwa wamedanganya kuhusu usiku ule, na ushahidi kwenye simu zao ulikuwa umefutwa. Askari 6 wakafukuzwa kazi, wengine wakapewa adhabu nyingine.

Ukidhani hadithi imeishia hapo, bado. Mwaka 2015 jaji wa shirikisho aliona jiji limedharau amri ya mahakama, kwa sababu mafunzo yaliyoahidiwa hayakufanyika inavyotakiwa. Miaka 5 baada ya makubaliano! Walioshtaki walilazimika kurudi kudai kile walichokwisha kushinda.

Tunajua wapo wanaosema: sisi dini zetu na mila zetu ni nyingine, baa ya mashoga ya Marekani inatuhusu nini? Ni swali la haki, tulijibu.

RED DOG ilianzishwa miaka ya 1980 kupambana na dawa za kulevya. Kwa miaka mingi waliolalamika juu yake ni vijana weusi wa mitaa maskini ya Atlanta: kusimamishwa barabarani, kupekuliwa, kudhalilishwa. Malalamiko yao hayakusikilizwa sana. Kesi ya Eagle ilipokuja juu ya malalamiko hayo, kikosi kikavunjwa, na kanuni mpya zikamlinda hata kijana ambaye maisha yake yote hajakanyaga kwenye baa ile na pengine hapendi waliokuwemo. Huwezi kumtolea jirani mlango wake ukabaki na wako, kama nyumba mnaishi moja.

Na sisi wa kambini tunaujua msako. Mtu mmoja ameiba au amepigana, blok nzima inakalishwa chini, kila mtu atoe karatasi zake. Asiye na karatasi karibu anakuwa mwizi. Swali la Atlanta ni letu pia: mimi mwenyewe, unanishuku kwa lipi?

Hatutaki kudanganya mtu. Wale wa Atlanta walikuwa na mawakili, na sheria ilikuwa haiwahukumu tena kwa mapenzi yao. Hata hivyo, kuweka jina lako kwenye kesi kama ile ni kujitangaza mbele ya familia na tajiri wako wa kazi. Huku kwetu ni vigumu zaidi. Kati yetu wapo waliokimbia Uganda baada ya sheria ya 2023, yenye kifungo cha maisha na hata kifo kwa makosa fulani, wakafika Kenya ambako sheria bado inasema ni kosa. Mtu kama huyo akipigwa au kuibiwa, anaogopa kwenda kulalamika, kwa sababu lalamiko lenyewe linaweza kugeuka kuwa shtaka.

Kwa hiyo tunawaachia mambo mawili. Vijana, likitokea jambo andikeni siku hiyohiyo: saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa, kisha karatasi iwekwe mahali salama. Atlanta, ushahidi wa simu za askari ulifutwa, lakini waliolala sakafuni walikuwa wengi, na walisimama wakasema walichokiona. Na nyinyi wa mashirika, tuelezeni wazi: mtu anayeogopa hata kutaja sababu iliyomfanya akimbie, akidhulumiwa kambini, amwone nani, mlango gani, siku gani? Tunaomba jibu ambalo tunaweza kulibandika ukutani.