Ningu wa Ziwa Victoria na Mlango wa Mto

Ningu, ambaye mtaalamu wa samaki George Albert Boulenger alimwandika kwa jina la Labeo victorianus mwaka 1901, ni samaki wa ukoo wa karpi apatikanaye katika bonde la Ziwa Victoria peke yake, mwenye midomo minene iliyoelekea chini, ambayo kwayo hufyonza na kukwangua miani iliyoshika kwenye mawe. Ukubwani huishi ziwani, lakini mvua zinaponyesha na mito kufurika hupanda kwa makundi katika Nzoia, Yala, Mara, Kagera na mingineyo, ili atage mayai kwenye majani yaliyofunikwa na maji.

Tabia hiyo ndiyo iliyowalisha watu wa kandokando ya mito kwa vizazi vingi, na ndiyo iliyomponza. Wenyeji walimtega kwa nyuzio na mitego ya kusuka. Ilinasa sehemu ya kundi na kuliacha lililobaki lipite. Mwaka 1905 ziliingia ziwani nyavu za makila, yaani nyavu za kutega zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ambazo Pwani huitwa jarife. Zilipoanza kutandazwa kwenye milango ya mito majira ya mvua, zilimkamata ningu akiwa na mayai tumboni, kabla hajafika mahali pa kuyataga, na hivyo kila msimu uliopotea ulipunguza pia msimu uliofuata.

Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr alichapisha utafiti kuhusu anguko la uvuvi huo na jinsi mbinu za asili zilivyodidimia pamoja nao katika mto Nzoia. Mwaka huo una uzito, kwani sangara, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, hakutapakaa kwa wingi hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo kumbebesha sangara lawama yote, kama ifanyikavyo mara nyingi, ni kuisoma historia kinyumenyume. Baadaye matope yatokayo kwenye mashamba na kukaushwa kwa vinamasi viliyaharibu hata mazalio yaliyosalia.

Leo Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile unamweka ningu katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kiumbe kuhesabiwa kuwa ametoweka porini. Nchini Uganda watafiti walifanikiwa kumzalisha kwa kumchoma homoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004, mafanikio ya kupongezwa kwa dhati. Hata hivyo vifaranga vya bwawani havitaurudisha uvuvi wa mito iwapo njia yao imezibwa, na kwa hiyo serikali za Tanzania, Kenya na Uganda hazina budi kuhakikisha kwamba milango ya mito inabaki bila nyavu wakati wote ningu anapopanda kutaga.